Wiki Laini Yetu Ilipoumwa Meno

Mwenyekiti hakupenda kuitwa Mama. "Mama ni wa nyumbani," alisema. "Hapa mimi niko kazi." Kwa hiyo sote tuliokuwa laini ya mapazia, ile safu ya vibanda pale Ngara, wazee kwa vijana, tulimwita Mwenyekiti, na hata leo ulimi wangu unakwenda huko huko, ingawa hakuna tena laini wala kiti, na ingawa kwa miaka minne nimezunguka mjini nikimtukana. Naandika haya nikiwa na hasira. Nyingine ni juu yake, nyingine ni juu yangu mwenyewe, na kuzitenganisha nimeshindwa.

Yeye aliuza vitambaa vya pazia, vipya na vya mitumba. Mimi ni fundi wa cherehani. Mashine yangu ilikaa ubavuni mwa kibanda chake, hivyo mteja akishanunua kwake aligeuka hatua mbili tu akafika kwangu nimkatie, nimpindie, nimtilie pete. Tulikaa hivyo miaka kumi na saba. Nilijua alivyopumua akipandwa na presha. Nilijua viatu alivyovaa siku za mvua, na vile alivyovaa siku ambazo mkubwa wa jiji angepita. Alikolala ndiko sikujua. Wengine walisema Kangemi, wengine Kawangware, naye alituacha tubishane.

Sauti yake ilivuka barabara. "Wewe wa sweta ya kijani! Jua linakuingilia mpaka kitandani na unapita tu hivyo?" Na yule wa sweta angegeuka akicheka, akaja, akanunua. Akishaondoka, Mwenyekiti alininong'oneza, "Huyo nyumba yake haina hata dirisha. Shauri yake." Hakuwa mwema kwa wateja. Alipenda kuwashinda.

Chakula chake hakumgawia mtu. Saa saba alifungua mkebe wake wa ugali na omena, akageukia ukuta, akala peke yake kama mtoto aliyeadhibiwa. Siku moja nilimtania nikamwambia, Mwenyekiti, hata harufu unatunyima. Akanijibu bila kugeuka: "Chakula ni ya mtu. Mteja ndio wa Mungu." Nililichukua jibu hilo kama mzaha, lakini kwake lilikuwa sheria, na sheria hiyo ndiyo iliyotuweka mjini.

Sheria yenyewe ilikuwa hivi. Mtu wa laini akikosekana, kwa ugonjwa au kwa matanga, majirani hufungua kibanda chake asubuhi, na mteja wa kwanza wa siku hiyo, hata awe amekuja kwa nani, hupelekwa hapo. Mfanyabiashara yeyote wa Ngara anajua mteja wa kwanza ni nani. Wapo wanaoipangusa noti yake kwenye paji la uso na kuiombea. Kumtoa wa tatu au wa nne ni adabu tu. Kumtoa wa kwanza ni kujikata. Mwenyekiti ndiye aliyetuwekea sheria hiyo, tena kwa ukali, na aliyejifanya kusahau alisemwa mbele ya watu mpaka atamani ardhi ipasuke.

Nakumbuka ilivyomfaa Mama Soksi, aliyekuwa na kibanda kidogo kuliko vyote, mwisho wa laini, akiuza soksi na leso. Mama yake alifariki huko magharibi tunakotoka wengi wetu, na unajua matanga ya kwetu hayana haraka. Alikaa majuma mawili. Aliporudi, macho yamevimba, alidhani atakuta panya na vumbi. Alikuta soksi zimeisha. Mtu alikuja kutafuta pazia la sebuleni akaondoka kwanza na soksi jozi sita, kwa sababu Mwenyekiti alimwambia hauziwi kitu kingine kabla ya hapo. Mama Soksi alilia siku hiyo kuliko alivyolia kaburini. Mwenyekiti akamwambia anyamaze, anafukuza wateja.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ukimshukuru anakasirika. Ukimwomba mwavuli anakwambia nenda ununue wako. Maneno "umoja ni nguvu" yalimchefua. Alisema ni ya kuandika nyuma ya lori. Yeye alikuwa na lake moja la chawa na kidole, na alilisema akikuonyesha kwa kidole chenyewe, karibu na pua yako.

Wanasiasa walimwogopa kidogo. Msimu mmoja wa kampeni alikuja mheshimiwa na gari la spika, akateremsha cherehani kumi mpya, zingali na karatasi zake. Laini yetu ilikuwa na watu zaidi ya mia. Mimi, niseme ukweli, moyo ulinidunda. Mashine yangu ilikuwa kuukuu na nilikuwa wa kwanza kusogea.

Mwenyekiti akasimama katikati. "Hii mashine kumi unapea nani?"

"Mama, si mchague wale wenye bidii?"

"Leta hapa mvivu nimuone." Watu wakacheka. "Mheshimiwa, tukikubali hii, kesho watu kumi watakuwa wanashona na tisini watakuwa wanawaangalia vibaya. Tupee mabati. Mvua ikinyesha, mabati haiulizi ni nani ako na bidii."

Mheshimiwa alitabasamu lile tabasamu lao, akapakia mashine zake akaenda kuzigawa soko jingine. Mabati hatukuyaona. Usiku nilimlaani yule mama mpaka mke wangu akaniambia nilale. Lakini asubuhi, nikimwona amekaa pale na kitambaa chake kichwani, nilijua alikuwa amesema kweli, na kwamba mimi peke yangu nisingeisema kamwe.

Sasa sikiliza alivyobadilika, maana hapa ndipo uchungu wangu ulipo. Hakuna siku moja ninayoweza kuikamata nikasema ni hii. Kanisa lake lilipata mchungaji mpya aliyehubiri kuhusu magari. Binti yake aliingia chuo kikuu, akaanza kumwambia mamake kwamba amekaa kwenye kibanda miaka yote kwa sababu anafikiri kidogo. Halafu Jumamosi moja akaenda semina katika hoteli ya katikati ya mji, akarudi na kadi yenye jina lake imening'inia shingoni, na kadi ile aliivaa mpaka Jumatano.

"Fundi," akaniambia, "unajua shida yako? Ni mindset."

Nikamwuliza hiyo huliwa na nini.

"Cheka tu. Umekaa hapo miaka yote unangoja mtu akuletee. Mungu habariki kikundi, Fundi. Mungu anaita mtu kwa jina."

"Na yule anayekosekana asubuhi, Mungu anamwita na nini?"

"Ajipange."

Neno lenyewe ndilo hilo. Ajipange. Lilikuwa kila mahali wakati ule. Lilitoka redioni, lilitoka madhabahuni, lilikuwa kwenye mabango ya waheshimiwa wenye mashati yaliyokunjwa mikono kana kwamba wanakuja kutusaidia kubeba marobota. Hata nyimbo za kwenye kibanda cha chai zilikuwa za mtu mmoja na gari lake. Nchi hii imetufundisha kwamba ukilala njaa ni kosa lako na ukishiba ni akili yako, na imetufundisha kwa raha, kwa muziki, hadi tukaimba. Mwenyekiti alikuwa mwanafunzi mzuri tu, kama alivyokuwa mzuri katika kila kitu.

Asubuhi moja ya Julai Mama Soksi alikuwa mgonjwa, kibanda chake tumekifungua. Mteja wa kwanza akaingia, mwanamke wa heshima, amekuja kutafuta pazia za vyumba vinne. Sote tukamtazama Mwenyekiti. Naye akachukua tepu shingoni mwangu, akaanza kumpimia vitambaa. Akamuuzia vyote vinne. Hakumwonyesha hata soksi. Nami nikavishona, kwa sababu kazi ni kazi, na hakuna aliyesema neno kwenye laini nzima. Wiki iliyofuata watu watatu walifanya vivyo hivyo.

Kwa hiyo ploti yetu ilipouzwa, ilitukuta tayari tumeshalegea. Mnunuzi alitaka kujenga fleti na maduka ya vioo. Wakili mmoja, kijana aliyezaliwa na kukulia hapo hapo Ngara, babu yake Mhindi wa duka la jumla lililotuuzia vitambaa, alitusaidia bila malipo. Alitwambia jambo moja, akalirudia kwa Kiswahili na Kiingereza: mmekaa hapa miaka mingi, mkisimama pamoja hawawezi kuwatoa kabla ya kuwatafutia mahali pengine. Mmoja mmoja, mmekwisha. Tukakutana uwanjani nyuma ya vyoo. Mwenyekiti alikuwa mbele, na siku hiyo, naapa, alikuwa yule wa zamani. Alinyanyua kidole. Tukainua mikono: hakuna atakayeweka sahihi.

Mnunuzi alikuwa na ofisi katikati ya mji, ghorofa ya sita. Simu zikaanza kuingia, kila mtu na yake, sauti ya msichana mpole: njoo peke yako, tuzungumze, kuna kifuta jasho. Katika jengo hilo hilo, ghorofa ya tano, palikuwa na daktari wa meno. Hapo ndipo ilipotokea aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka nacheka kabla sijaona haya. Watu wa laini walianza kukutana kwenye lifti.

"Ah, niaje! Unafanya nini huku?"

"Jino, ndugu yangu. Imenisumbua wiki mzima. Na wewe?"

"Jino pia. Hili la nyuma."

"Pole."

"Pole pia."

Wanashuka wote ghorofa ya tano, wanasimama kwenye korido wakitazama bango la meno, mpaka mmoja achoke na kujifanya ameitwa chooni. Kisha kila mmoja anapanda ngazi kwa wakati wake. Wiki ile laini yetu nzima iliumwa meno. Wengine walirudi kibandani wameshika shavu.

Ijumaa, watu wanne waliokuwa wakijificha kwenye ngazi wakamwona Mwenyekiti akitoka ghorofa ya sita. Hakushika shavu. Alishuka lifti peke yake, mkoba kwapani. Kufikia saa nane habari ilikuwa imefika Ngara: Mwenyekiti ametuuza. Hakuna aliyewauliza wale wanne walikuwa wakitafuta nini kwenye ngazi.

Na mdomo uliopiga kelele kuliko yote ulikuwa wangu. Nilisimama juu ya kiti cha mashine nikasema kikulacho ki nguoni mwako. Nikasema amekuwa akila amegeukia ukuta miaka yote, mlitarajia nini? Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti alikuwa hatua mbili kutoka nilipo, akikunja vitambaa vyake, akiviweka kwenye gunia kimoja kimoja. Aliniangalia mara moja. Halafu akainama akatafuta kamba ya kufungia.

Nyani haoni kundule. Mimi nilikuwa nimeweka sahihi Jumanne.

Nimelisema hivyo kavu kwa sababu sijui namna nyingine. Nilipanda ngazi kama wengine, nikaona bango la meno kama wengine. Mwanangu wa pili alikuwa amefukuzwa shule kwa karo, hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na ni ya kweli, lakini kila mtu kwenye ile laini alikuwa na sababu ya kweli. Nilijiambia mtu mmoja hawezi kuivunja laini. Nilijiambia nikichelewa watachukua wengine. Nilijiambia nijipange.

Mashine za kubomoa zilikuja mchana, watu wakipita na chakula chao cha mchana mkononi. Mama Soksi peke yake hakuwa ameweka sahihi. Hakupigiwa hata simu, kibanda chake kilikuwa kidogo mno, au labda walipiga na yeye akakata, hakusema. Alisimama mbele ya kile kibanda akilishikilia lile neno letu la uwanjani, la mikono juu, mpaka askari wakambeba. Siku hizi anauza soksi akipita kati ya magari kwenye foleni. Ananisalimia vizuri. Yeye pia anaamini ni Mwenyekiti, kwa kuwa mimi ndimi niliyemwambia.

Mimi nilihamia Dagoretti, chumba kimoja si mbali na machinjio, mashine mlangoni. Wateja hunipigia simu, nami huenda kuwapimia madirisha huko Kilimani, Lavington, Hurlingham. Mwaka huu, mwezi wa tatu, alinipigia msichana mwenye sauti ya haraka. Fleti, karibu na barabara ya Argwings Kodhek, ghorofa ya nne. Yeye atakuwa kazini, kuna mtu atakayenifungulia.

Soja aliniandikisha getini, akapiga picha kitambulisho changu. Nikapanda. Mlango ukafunguliwa, na aliyekuwa mlangoni alikuwa Mwenyekiti.

Alikuwa amekonda. Mguu mmoja aliuburuta. Alivaa dera na soksi nzito za hospitali. Hatukupeana mikono.

"Ingia, Fundi. Nilimwambia msichana wangu atafute wewe. Hawa wa huku wanakata pazia fupi."

Miaka minne nilikuwa nimetunga maneno ya kumwambia siku nikikutana naye. Nilikuwa nayo mazuri, mengine nimeyafanyia mazoezi nikiwa kwenye mashine. Lakini nilichukua tepu nikaanza na dirisha la sebuleni, naye akakaa kwenye sofa, akanyoosha mguu.

"Hapa naitwa mama wa D4," akasema. "Juzi nimeanguka hapo kwa ngazi. Jirani amepita, akasema sorry, akaendelea na simu yake. Amejipanga huyo." Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Mama Soksi yuko?"

"Yuko. Anauza kwa foleni."

"Jua lote hilo?"

Hapo nikashindwa kujizuia. Hasira ilinipanda mpaka tepu ikaniponyoka. Nikamwambia usimuulizie. Wewe usimuulizie huyo. Nikamwambia sote tuliinua mikono, na wewe ndiye uliyeuinua wako wa kwanza, na ukapanda kwenye ile ghorofa ukatuuza kama vitambaa vya mitumba, kwa kilo.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Mimi nilipanda Ijumaa kuwaambia hatutaki. Nilikuwa nimevaa viatu yangu mizuri. Wakafungua buku, wakanigeuzia. Majina ilikuwa imejaa ukurasa. Nikaanza kusoma kutoka juu nikiomba Mungu yako isikuwe hapo. Fundi, yako ilikuwa ya tatu."

Kulikuwa na kelele ya magari chini. Mimi nilikuwa nimeshika pazia kuukuu la binti yake na sikuweza kuliachia.

"Nikasema kama huyu, mwenye amekaa na mimi miaka yote hiyo, basi mimi ni mjinga wa nani? Nikaomba kalamu. Na pesa nilichukua, usinifanye malaika. Hata hii nyumba iko na kidogo yake ndani."

"Kwa nini hukusema? Nilikutukana mbele ya watu. Ungeniambia tu, ya tatu, hapo hapo."

"Niseme halafu?" Alinitazama kama alivyonitazama siku ile ya gunia. "Wakiamini ni mimi, mwizi ni mmoja, na huyo mmoja ameenda zake. Wakijua ni nyinyi wote, kesho mtaangaliana aje? Nilifikiri, wacha nibebe hii, hawa wengine wabaki wakijuana. Labda watapata mahali ingine, waanze tena. Ndio maana nilinyamaza. Hiyo ndio kazi ya mwisho nilifanya ya mwenyekiti."

Akavuta blanketi kwenye magoti. Halafu akaniuliza, na sauti yake ilikuwa na haya, kama ya mtu anayeomba kitu asichostahili: "Mnaonana? Mkifiwa, mnaitana?"

Ningeweza kumdanganya. Nilifikiri juu ya hilo. Lakini nilikuwa nimeshadanganya watu wa kutosha juu yake.

"Hatuonani," nikamwambia. "Nikikutana na mtu wa laini mjini, mmoja wetu anavuka barabara."

Mwenyekiti aligeukia lile dirisha nililokuwa nimeanza kulipima.

"Basi nilinyamaza bure," akasema, na akaniambia nimalizie, binti yake anarudi saa kumi.